Ubavu wa Bertilla

Daktari alivunja njiti ya ufagio, akaanza kumgusagusa nayo miguuni, kuanzia vidoleni kupanda juu, huku Bertilla amefumba macho kama alivyoamriwa.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia."

"Hapa je?"

"Nasikia, dokta."

Bertilla alipofumbua macho aliona njiti iko mfukoni mwa koti la daktari, na manesi wawili wanajikaza wasicheke. Daktari mwenyewe hakucheka. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, anaitwa Dokta Bundala, aliyekuja na wenzake kutoka nje ya mkoa kwa ajili ya kambi ya madaktari bingwa. Wagonjwa waliokuwa wakimsubiri walijaa korido nzima.

"Mama, mbona unanidanganya?"

Tangu aletwe kutoka kijijini kwao Mpui, Bertilla alikuwa amewatazama watu wa wodi hii kwa jicho la mtu anayechungulia sufuria ya jirani, na jambo moja alikuwa ameling'amua: mgonjwa asiye na tumaini huhamishiwa kitanda cha mwisho, kule karibu na choo, na akishafika huko madaktari hupita wakiangalia upande wa pili. Yeye hakutaka kile kitanda. Angesema anasikia hata kama wangemwekea kaa la moto kwenye nyayo.

Dokta Bundala aliinua picha ya mgongo, ile aliyopigwa Mbeya, akaielekeza dirishani. Mathias, mume wake, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi, alisogea naye akatazama. Hakuona kitu ila weusi na weupe.

"Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana," daktari alisema. "Hizi mbili za katikati, hapa nyuma ya kifua, zimeliwa na kifua kikuu."

"Mimi sikohoi," Bertilla alisema haraka.

"Si lazima ukohoe. Cha kwako kimekaa mgongoni. Dawa umezimeza vizuri, zimekusaidia, lakini mfupa uliobomoka haurudishwi na kidonge. Vipande vyake vimeingia ndani na vinaukandamiza mshipa mkubwa wa fahamu, ule unaopeleka habari miguuni. Ndiyo maana unahisi kama umefungwa mkanda kifuani, na ndiyo maana miguu inakufa. Tusipoutoa huo mzigo, miguu itakwisha kabisa."

"Na mkiutoa?"

Hapo Bertilla alimkazia macho. Watu wanaoahidi alikuwa amewachoka. Mganga wa Mpui alimwahidi. Muuza dawa wa stendi alimwahidi. Dokta huyu naye akiahidi, atajua ni walewale.

"Siwezi kukuahidi utatembea," alisema daktari. "Kazi ya kwanza ni kuzuia isizidi kuharibika. Wengine nguvu hurudi, polepole, kwa miezi mingi. Wengine hazirudi zote. Na ni upasuaji mkubwa, sikufichi. Tutaingilia ubavuni, si mgongoni. Ukizinduka utakuta mrija umetoka kifuani unatoa damu na maji, usishtuke. Kupumua kutauma. Kukohoa kutauma zaidi, na tutakulazimisha ukohoe. Baadaye tutakuvalisha mkanda mgumu, tukuketishe, na kama Mungu akipenda tukusimamishe."

Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze Bertilla alisikia mtu akimweleza mabaya bila kumzungusha. Alianza kumwamini, na jambo hilo lilimtia hofu.

"Na jembe?" Mathias aliuliza.

"Jembe asahau mwaka mzima. Kuinama, kubeba ndoo, kubeba kuni, hapana."

Mathias aligeuza kofia mkononi. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni, na kule Mpui huo ndio wakati wa ntumba: majani yanafyekwa, yanakusanywa, yanafukiwa kwenye vichuguu vya udongo ili yaoze, na mwakani shamba lipate ulezi. Ni kazi ya kuinama kutwa. Nyumbani kwao mwinamaji mkuu alikuwa Bertilla.

"Pale pingili zilipoliwa tutapaziba na mfupa wako mwenyewe," daktari aliendelea. "Tunatoa ubavu mmoja ili tupate njia, tunakata kipande chake tunakipachika pale, halafu tunafunga vyuma vishikilie."

"Ubavu mzima mnautoa?"

"Sehemu kubwa."

"Na hicho kinachobaki?"

"Kinachobaki ni taka tu, mama. Kinakwenda kuchomwa na taka nyingine." Alitabasamu, akampigapiga begani, akahamia kitanda kingine.

Hakuwa na ubaya wowote. Lakini Bertilla aliiona shingo ya Mathias ikikakamaa. Vitovu vya watoto wake vyote alivifukia kwa mkono wake nyuma ya nyumba. Nywele akinyolewa huziokota. Mfupa wake uende tanurini na bandeji za watu, usindikizwe na nani? Na nani ataapa kwamba ulifika, haukuishia mfukoni mwa mtu njiani? Haya si mawazo ya kijinga kwa mtu aliyekulia Rukwa, mkoa ambao jina lake limeshachafuliwa kila pembe kwa habari za uchawi, ukitaja unakotoka watu wanacheka na kusogea kidogo. Wanaochekwa kwa uchawi ndio wanaouogopa kuliko wote.

*

Kesho yake akaja Mzee Baltazari, baba mkubwa wa Mathias. Ndiye aliyemlea Mathias baada ya baba yake kufariki, ndiye aliyekwenda kumposa Bertilla, na katika ukoo ule jambo lisilopita kwake lilikuwa halijapita. Alivaa koti la kanisani. Bertilla alimwamkia shikamoo akiwa amelala, naye akaitikia akiangalia ukuta.

Nesi Jenifa, msimamizi wa wodi, alileta karatasi ya ridhaa na kalamu. Alimpa Mathias. Mathias akamtazama mzee.

"Binti," Mzee Baltazari alisema, "kabla hatujaandika, tunaomba kitu kimoja. Hicho kipande cha ubavu kitakachobaki tukabidhiwe, tukakizike nyumbani."

Jenifa alitazama mlangoni kwanza. Madaktari wawili wageni walikuwa wamesimama pale wakinywa chai.

"Mzee, punguza sauti."

"Sijapaza sauti."

"Hatutoi viungo vya wagonjwa."

"Kondo la nyuma mnatoa. Wake zetu wakijifungua hapa mnatukabidhi kwenye mfuko, tunakwenda kuzika. Ubavu una tofauti gani?"

Mwenye sare akibanwa huwa mkali, na Jenifa alikuwa na sare. "Mimi nimezaliwa hapahapa Malangali," alisema, sauti ya chini lakini inachoma. "Kila nikienda semina watu wananitania uchawi mpaka nashindwa kula. Leo wageni wamekuja kutusaidia, na nyie mnadai mfupa wa mtu mbele yao! Mnataka watuandikeje? Kondo ni kondo. Mfupa hautoki."

"Kwa hiyo unabaki kwenu."

"Unachomwa!"

"Tutaonaje kama umechomwa?"

"Mzee, unataka kusema mimi ni mchawi?"

"Sijasema. Umesema wewe." Mzee Baltazari alifunga kifungo cha koti. "Huyu tulimchukua kwao akiwa mzima. Siku ndugu zake wakituuliza ubavu wake uko wapi, mimi ndiye nitakayesimama kujibu, si wewe. Hatuandiki."

"Baba," Bertilla alisema, "mimi nitaandika mwenyewe."

Mzee hakugeuka. Alimwuliza Mathias, taratibu, kana kwamba redio imekwaruza na hakusikia vizuri: "Mkeo anasemaje?"

Mathias alitazama kofia yake.

"Tulia, mama," Jenifa alimwambia Bertilla. "Wakubwa wanaongea."

Wanaume wakatoka nje kuongea. Bertilla alimshika Jenifa upindo wa gauni kabla hajaondoka.

"Sista, nipe mimi hiyo kalamu."

"Una mume. Yuko hapo nje."

"Miguu ni yangu."

"Najua ni yako. Lakini nikikupa wewe usaini, halafu ukafia mezani, yule mzee ataniacha? Atakuja na ukoo mzima hapa."

"Sheria inasema mpaka mume?"

Jenifa aliutoa ule mkono kwenye gauni lake, kidole kimoja kimoja, bila hasira. "Sijasema sheria. Nimesema ndivyo tunavyofanya hapa."

*

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Sauda, mke wa mfanyabiashara wa vitenge mjini, aliyevunjika mguu kwa pikipiki na kufungwa plasta mpaka pajani. Sauda alijua kila kitu. Wageni wake walikuwa wengi, na kila mgeni aliacha habari pamoja na maandazi.

"Shoga, wewe unagombania mfupa," alimnong'oneza, "wenzio wanagombania vyuma."

"Vyuma gani?"

"Vya kufungia mgongo. Vilikuja vichache. Vya saizi yako, ya hapo kifuani, nimesikia wanasema imebaki seti moja. Waambie wakwe zako wasilale."

Bertilla alimtilia shaka hata Sauda. Mwanamke wa dukani ana faida gani kumwambia haya? Labda anataka kumharakisha kwa sababu yake mwenyewe. Lakini jioni ile, wakati wa uji, alimwona kwa macho yake mwanamume mmoja wa makamo akipita kuelekea vyumba vya wagonjwa wa kulipia, amevaa koti zuri na viatu vinavyong'aa, na nyuma yake katibu wa hospitali amembebea begi. Mwanamume yule alikuwa ameshika kiuno na kukunja uso. Alikuwa akitembea.

"Huyo ndiye mwenye kokoto za barabara nzima hii," Sauda alisema. "Mgongo unamsumbua. Si angekwenda India? Lakini bingwa amekuja mpaka mlangoni, akafuate nini huko?"

Bertilla alizifuata zile hatua kwa masikio mpaka zikaisha. Hatua nzuri, nzito, za mtu anayesikia sakafu. Wivu ulimpanda, akaona haya, kisha akaacha kuona haya.

Mathias aliporudi na chupa ya uji hakumpa nafasi ya kukaa.

"Baba Timoth, mmeamua nini?"

"Baba mkubwa amekwenda kuuliza kwa padri kwanza. Atarudi."

"Lini?"

"Akipata gari."

"Nikuulize. Hiki mnachokiogopa ni ubavu, au ni ule mwaka wa kutoshika jembe?"

Mathias aliweka chupa chini. Alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa na kitu begani ambacho hakumbuki kukichukua.

"Mama yangu kule nyumbani ameuliza ntumba nani atazifukia," alisema. "Mimi sijauliza."

"Hukuuliza, ila unamsikiliza anayeuliza."

"Mama Timoth."

"Sasa hivi nalima? Niambie. Unanigeuza kama gunia, unaniosha, unanifuta. Hizo ntumba nazifukia mimi? Ukinirudisha nyumbani hivi, huo mwaka mmoja mnaoninyima utakuwa maisha yangu yote. Na nyie mtakuwa mmeuokoa ubavu." Alipumua kwa shida, ule mkanda wa kifuani ulikuwa umekaza. "Mfupa ni wangu. Nimewapa. Wauchome, wauloge, watengenezee kipini cha kisu. Mimi nataka miguu."

Wodi nzima ilisikia. Sauda aligeukia ukutani kwa heshima, masikio yakiwa palepale. Mathias alikaa kwenye ukingo wa kitanda akalia, bila kujificha, akafuta uso kwa kofia.

"Nitasaini," alisema. "Baba mkubwa nitamweleza. Kesho asubuhi nikimwona tu daktari, nasaini."

*

Asubuhi hakumwona daktari. Dokta Bundala alikuwa chumba cha upasuaji. Mchana alikuwa bado chumba cha upasuaji. Mathias alimfuata Jenifa na kumwambia amekubali, mara ya kwanza akaambiwa asubiri, mara ya pili akaambiwa mbona msumbufu. Siku ikaisha hivyo.

Siku iliyofuata, ya mwisho ya kambi, Dokta Bundala alipita wodini haraka, tayari amevaa shati la safari. Angepita moja kwa moja. Bertilla alimwita kwa sauti ambayo hakujua kama anayo.

"Dokta! Nipo tayari!"

Daktari alisimama, akamtazama, akakumbuka. "Wewe si ulikataa?"

"Nani kakataa?"

"Nimeambiwa mgonjwa wa pingili za kifua amekataa upasuaji." Alimgeukia Jenifa. Jenifa alikuwa ananyoosha shuka la kitanda ambacho hakikuwa na mtu.

"Mimi sikukataa. Wazee waliomba mfupa utakaobaki wakauzike. Wakanyimwa."

"Mfupa upi?"

"Kipande cha ubavu."

Dokta Bundala alibaki mdomo wazi. "Hicho tu? Kipande cha mfupa?" Alisema kwa uchungu wa kweli, hilo Bertilla aliliona. "Kwa nini hamkuniambia? Ningewawekea kwenye chupa, mkaondoka nacho. Kwetu kule watu wanaomba hata meno."

Mathias alikuwa amesogea mpaka karibu, kalamu mkononi, aliyoiazima kwa Sauda.

"Basi nisaini, dokta."

"Ndugu yangu, vyuma vimekwisha. Ya kifua ilibaki seti moja, imetumika jana. Bila vyuma siwezi kumfungua, nitamuua."

"Imetumika kwa nani?" Bertilla aliuliza.

"Kwa mgonjwa mwingine. Dharura."

"Yule aliyekuja anatembea?"

Daktari aliangalia viatu vyake. Bertilla hakuondoa macho. Alitaka huyu mtu mpole, mkweli, aliyemweleza habari za mrija na kikohozi bila kumficha, amweleze na hili.

"Mama," alisema mwishowe, "mimi nakuja, nakuta wagonjwa wamepangwa. Naletewa mtu mezani, namfanyia kazi. Siwapangi mimi."

"Nani anawapanga?"

"Nitakuandikia rufaa. Uende hospitali kubwa, mapema, usichelewe. Mapema sana." Alisema hilo la mapema mara ya tatu akiwa tayari ameshika mlango. Nyuma yake Jenifa aliendelea kunyoosha lile shuka.

*

Waliruhusiwa mchana huohuo, kwa sababu kitanda kilihitajika. Mathias alifunga vitu kwenye kitenge, akamketisha Bertilla kwenye kiti cha magurudumu, akakisukuma kupita korido, akashuka ule mteremko wa saruji mpaka uwanjani. Walipaswa kupita pembeni mwa sherehe ya kufunga kambi. Turubai lilifungwa, viti vilivalishwa vitambaa, na madaktari walipangwa mstari wakipokea vyeti na magunia ya mchele wa bonde la Rukwa. Dokta Bundala alikuwa wa tatu. Aliwaona, akainamisha kichwa, akapokea cheti chake.

Getini mlinzi aliwazuia.

"Kiti hakitoki nje, kaka. Mali ya wodi."

"Mpaka barabarani tu. Kuna bajaji."

"Sijakataa bajaji. Nimesema kiti. Kikipotea nalipa mimi."

Mathias hakubishana. Alikuwa amekwisha kubishana kwa maisha yake yote, au labda hakuwahi kuanza. Alifunga mzigo kifuani, akageuka, akachuchumaa mbele ya mkewe.

"Nishike shingo."

Mlinzi alisaidia kumwinua, kwa upole tu, akaipitisha ile miguu mmoja huku na mmoja huku kiunoni kwa Mathias. Bertilla aliona mikono ya mumewe ikishika mapaja yake. Aliona, ndivyo alivyojua yameshikwa. Pingili mbovu zilimchoma mpaka akauma meno kwenye kola ya shati.

Kwenye spika sauti ya katibu ilisoma taarifa: kambi imefanikiwa kwa kiwango kikubwa, na wagonjwa wote waliohitaji na kukubali upasuaji wamehudumiwa. Watu wakapiga makofi. Mlinzi naye akapiga, kidogo, huku akikirudisha kiti ndani kwa goti.

Walipokuwa wamevuka barabara Bertilla aliona shati la Mathias limelowa ubavuni. Lilikuwa limelowa kutoka kiunoni, pale mapaja yake yalipombana, na suruali pia, na maji yalikuwa yanashuka kwenye ndala zake na kuacha alama kwenye vumbi. Alifikiri ni chupa ya uji. Akaitazama, ilikuwa imefungwa barabara, inaning'inia kwenye mzigo. Akatazama juu. Hapakuwa na wingu.

"Baba Timoth, umelowa."

"Najua."

"Umelowa nini?"

Mathias aliivuta nguo ya mkewe, iliyolowa kuliko shati lake, akamfunika magoti. Bajaji ya kwanza ilipunguza mwendo, dereva akawaangalia kuanzia juu mpaka chini, akakanyaga mafuta akapita. Mathias alimpandisha juu kidogo mgongoni, akamshika vizuri zaidi, akaendelea kutembea kuelekea stendi.